Zawadi za Watoto Wasiokuwepo

Begi kubwa lilifunguliwa sebuleni alasiri ile ile aliyofika, kabla hata maji ya kuoga hayajapata moto. Mama Bonge hakutaka kungoja. Kila kilichokuwa humo alikuwa amekinunua kidogo kidogo, kila mara bosi wake wa ng'ambo alipomwahidi likizo. Na kila likizo iliposogezwa mbele, zawadi zilirudi chini ya kitanda kusubiri pamoja naye. Miaka saba ilikatika hivyo. Sasa likizo ilikuwa imepatikana, sikukuu ilikuwa wiki ijayo, na yeye alikuwa amepiga magoti juu ya mkeka wa nyumbani kwake, akiivuta zipu.

"Bonge wangu," aliita, "njoo uone mama amekuletea nini."

Mvulana aliyekuwa ameketi kwenye kochi aliinuka, akaendelea kuinuka. Alikuwa mwembamba kama fito, magoti yamemtoka, shingo ndefu. Simu huonyesha uso, haionyeshi urefu. Kwa miaka yote hiyo Mama Bonge alikuwa amemwona mwanawe kuanzia kidevuni hadi utosini, mtandao ukikatika kila walipoanza kuzoeana, na huko kusikoonekana alikuwa ameendelea kumwekea mwili wa mtoto wa miaka mitatu, mashavu na kitambi juu.

"Shikamoo," mvulana alisema. Ilikuwa shikamoo ya tatu tangu amefika.

"Marahaba, mwanangu. Hebu jaribu hivi."

Vilikuwa viatu vyeupe vyenye taa visiginoni. Mvulana aliketi, akaukunja mguu, akaminya vidole, akasukuma huku akiuma mdomo. Kisigino kilibaki nje. "Vinanitosha, mama," alisema, akasimama, akatembea hadi mlangoni na kurudi. Kila alipokanyaga, taa ziliwaka nyekundu na buluu, na uso wake ukakunjamana. Hakuna aliyecheka. Bora wangecheka.

Binti yake alikuwa amemwacha akiwa na miaka tisa. Sasa alikuwa na kumi na sita, na sauti ya mtu mzima. Alimpokea mwanasesere kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhiwa cheti mbele ya shule nzima. "Asante sana. Ni mzuri," alisema. Akamlaza kwenye mkono wa kochi, na mwanasesere, aliyetengenezwa kwa ajili hiyo, akafumba macho.

"Baba watoto, hizi ni zako. Glavu za kazi, ngozi tupu."

Mume wake, fundi makochi, alizipokea kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa mfukoni, ambako ulikuwa umekaa tangu walipomlaki. "Afadhali," alisema. "Afadhali sana." Hakuzivaa.

Ikabaki zamu ya bibi. Mama mkwe wake alikuwa ameketi karibu na dirisha, uso ameuelekeza kwenye sauti ya begi. Mama Bonge alimmiminia mapajani nyuzi za kutarizi, rangi zote alizozikuta dukani, kwa kuwa enzi hizo hapakuwa na mto wala pazia la mtaa huu ambalo bibi hakulitia maua. Kikongwe alizipapasa moja moja kwa ncha za vidole.

"Nyororo," alisema. "Na hii ni rangi gani, mwanangu?"

"Hiyo?" Mama Bonge alicheka. "Si nyekundu, mama!"

"Nyekundu," bibi alirudia taratibu, kama mtu aliyetajiwa jina la rafiki ambaye hajamwona siku nyingi.

Hapo ndipo Mama Bonge alipomtazama machoni, akaona ukungu mweupe umetanda. Siku zote aliposhikiwa simu, bibi alikuwa akitazama pembeni. Mama Bonge alidhani hapendi tu mambo ya simu.

*

Baada ya kula alikusanya sahani ili akaoshe, lakini kabla hajaingia jikoni alisikia wanawe wakiongea kwa sauti ya chini.

"Usivivae tena, utaota malengelenge."

"Nisipovivaa atajisikia vibaya."

"Ametuletea zawadi za watoto aliowaacha. Hao watoto hawapo, Redio. Mwache awatafute."

Alibaki amesimama na sahani zake. Neno la kwanza kumchoma lilikuwa jina. Redio ni nani? Mtaa mzima ulikuwa ukimwita Mama Bonge, alasiri ile jirani mwenye duka alikuwa amelipaza jina hilo kutoka ng'ambo ya barabara. Kumbe Bonge mwenyewe alikuwa ameshakufa zamani, na hakuna aliyempa taarifa ya msiba.

Alizirudisha sahani mezani, akamfuata mume wake uani.

"Nitolee mkono wako."

Fundi hakubisha. Aliutoa mfukoni, akauweka kwenye kiganja cha mke wake kama mtu anayekabidhi ufunguo. Kidole cha shahada na cha kati havikuwepo. Kovu lilikuwa laini, la zamani.

"Msumeno," alisema. "Mwaka juzi."

"Na hukuniambia?"

"Ningekwambia ungerudi."

"Ndiyo, ningerudi!"

"Na ungerudi, mama angepelekwa kwa daktari wa macho na nani? Wakati huo ndio yalikuwa yanaondoka. Hela yako ndiyo ilikuwa inampeleka. Macho hayakupona. Lakini hakuna dawa ambayo hatukuijaribu, mama watoto, kwa jasho lako. Mwenyewe anajua."

Mama Bonge alilia pale uani, akiwa ameushika ule mkono. Alipomaliza alijifuta kwa khanga, akasema kwa sauti ya mtu anayepanga kazi: "Sikukuu ni wiki ijayo. Nataka kuwapa zawadi za kweli. Niambie kila mmoja anapenda nini."

Mume wake alifikiri. "Nikikwambia," alisema mwishowe, "itakuwa zawadi yangu. Wewe utakuwa umenibebea tu. Watazame. Una wiki nzima, huna kazi nyingine."

*

Alianza na mwanawe. Kesho yake jioni, jua likiwa limeanza kupoa, alimwona akimshika bibi mkono na kutoka naye. Aliwaachia wapige hatua, akafunga mlango, akawafuata kama mpelelezi asiyejua kazi yake.

Walikwenda hadi kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya kiwanda cha matofali. Vijana wa mtaani walikuwa wakicheza mpira. Mvulana aliigeuza ndoo mdomo chini pembeni ya mstari, akamkalisha bibi, akasimama nyuma yake, na hapo akafungua mdomo.

"Mpira uko kwa Kinyozi! Kinyozi anamtazama Muuza Mayai, Muuza Mayai hana habari, anafunga kamba ya kiatu! Bibi, anafunga kamba!"

"Mjinga huyo!" bibi alifoka.

"Kinyozi kaamua kwenda mwenyewe, kampita mmoja, kampita wa pili, wa pili kakaa chini anatafuta kiuno chake! Anapiga! Kipa kalala kushoto, mpira umekwenda kulia, mwamba! Umegonga mwamba, bibi, goli zima linatetemeka kama meno ya mtu mwenye homa!"

Mama Bonge alijishika kifua. Huyu ndiye mtoto aliyekuwa akimjibu "ndiyo, mama" na "hapana, mama" tangu afike, hata akawa amejiambia kwamba mwanawe ni mpole, hana maneno. Maneno yalikuwa yakimtoka kama maji ya bomba lililopasuka, na kila neno lilikuwa na kazi. Alisema upepo unavuma kutoka wapi. Alisema kipa amevaa soksi mbili zisizofanana. Alishusha sauti mpira ulipokuwa mbali, akaipandisha ulipokaribia, na mbele yake kichwa cha bibi kilikuwa kikigeuka polepole, kushoto, kulia, kushoto, sawasawa na mpira wenyewe. Ungeapa anaona.

Mchezaji mmoja aliangushwa karibu na goli. Mwamuzi aliashiria mchezo uendelee.

"Kaangushwa, bibi! Kavutwa shati!"

Bibi aliinuka na fimbo yake. "Penalti hiyo! Wee refa! Mimi kipofu nimeiona, wewe una macho mawili unayafanyia nini?"

Uwanja ulilipuka kwa kicheko. Mwamuzi, kijana muuza maji, aliweka mikono kichwani. "Bibi, nakuomba. Nakuomba kila siku."

Mwanamke mmoja aliyekuwa akianika nguo kando ya uwanja alimgeukia Mama Bonge, aliyesimama pale kama nguzo. "Mgeni, ee? Huyo ndiye Redio, mtoto wa fundi makochi. Mimi mpira siupendi, lakini huyo nikimsikia naacha kufua. Tangu macho ya bibi yake yazimike, ndivyo hivyo kila jioni."

"Na mama yake?" Mama Bonge aliuliza. Hakujua kwa nini ameuliza.

"Yuko huko nchi za watu. Wanasema anatuma sana hela." Yule mwanamke alikung'uta shuka. "Sijui hata kama anajua ana mtoto wa namna hii."

"Hajui," Mama Bonge alisema.

*

Siku mbili baadaye alibeba chakula cha mchana kwenda karakana. Alifika mlangoni, akasimama.

Katikati palikuwa na kochi la watu watatu, nusu limevikwa, nusu mifupa. Mume wake alikuwa ameikumbatia fremu kwa kifua na mkono wake mzima ili isisogee. Binti alikuwa amepiga goti moja, misumari midogo imejipanga katikati ya midomo yake, akiuvuta ukingo wa kitambaa juu ya sponji. Alitema msumari, akaupokea, akaugonga, akatema mwingine. Hakutazama nyundo. Kitambaa kilikuwa na majani makubwa ya kijani, na Mama Bonge aliona jani lililoanzia kwenye mgongo wa kochi likishuka, likapita kwenye mshono, likaendelea kwenye kiti bila kukatika, kana kwamba lilikuwa limeota hapo. Alisogea kutafuta mshono ulipo. Hakuupata.

Mama mmoja mwenye kochi aliingia na funguo za gari mkononi. "Fundi, hongera! Pamoja na ajali, mkono wako haujapungua."

"Mkono si wangu. Ni wa huyu," fundi alisema, akimwonyesha binti yake kwa kidevu.

Mteja alicheka kwa adabu, kama mtu aliyetaniwa. "Haya, mwanafunzi, uwe unamsaidia baba," akasema, akamgeukia fundi kuulizia siku ya kuchukua. Binti hakujibu, midomo ilikuwa imejaa misumari. Mama Bonge, pale mlangoni, alitaka kusema neno. Akaona hana haki nalo. Yeye mwenyewe alikuwa amemletea mtu huyu mwanasesere.

Mteja alipoondoka, binti alichukua mkasi wa baba yake kukata kipande cha pembeni. Aliushika kwa mkono wa kushoto, na moyo wa Mama Bonge uliruka. Mashoto! Alikuwa amesahau kwamba anakumbuka. Kijiko, chaki, jiwe la kurushia maembe, vyote kwa mkono huo. Katika kila kilichobadilika, hicho kimoja kilikuwa kimemsubiri palepale alipokiacha.

Lakini mkasi ulikuwa unamkataa. Kitambaa kilijikunja katikati ya makali badala ya kukatika; ilibidi binti auzungushe mkono wote hadi kiwiko kikae juu, na akimaliza aupunge hewani kupunguza maumivu. Chini ya dole gumba palikuwa na kidonda chekundu kilichoota sugu pembeni.

"Chakula weka pale," binti alisema bila kugeuka. Kumbe alikuwa amemwona.

"Ulijifunza lini yote haya?"

"Baba alipokuwa hospitali. Makochi ya watu yalikuwa yamebaki mifupa hapa, na wenyewe walikuwa wanayataka."

"Na shule?"

"Naenda. Hii ni baada ya shule." Alikata tena, akasonya kidogo kitambaa kilipojikunja. "Unarudi lini?"

"Baada ya sikukuu. Bosi ameshakata tiketi."

"Sawa," binti alisema, na hapakuwa na hasira kwenye sauti yake. Ilikuwa sauti ya mtu anayeuliza mvua itanyesha lini ili ajue kama aanike nguo.

Mama Bonge alirudi nyumbani kwa miguu, polepole. Watoto aliowaacha walikuwa na pengo pale mama alipotoka. Hilo alilijua, na kila mwezi alikuwa akituma hela kujaribu kulifukia. Hakuwa amejua kwamba wao wenyewe wangelikalia, walipime, walivike kitambaa, hadi mshono usionekane. Binti amekuwa vidole vya baba. Mvulana amekuwa macho ya bibi. Aliwaogopa, kwa namna ambayo mtu huogopa kusimama chini ya kitu kirefu mno.

*

"Mkasi wa mashoto?" Muuza vifaa vya cherehani alimtazama kama mtu aliyeulizia sindano ya kiume. "Dada, mkasi hauna kulia wala kushoto. Ugeuze tu."

"Ukigeuzwa haukati."

"Basi mwambie ageuze mkono." Wateja wakacheka, na Mama Bonge akacheka nao kidogo ili atoke salama.

Duka la pili walimwonyesha mkasi wa kawaida wenye mpini wa plastiki ya rangi. La tatu walisema aje mwezi ujao, kwa sauti ya watu wasiokusudia kuagiza. Dukani kwa yule jirani ndiko alikotaabika zaidi, kwa kuwa alikwenda na vile viatu vyenye taa kuomba kubadilishana na vya saizi kubwa, na jirani alivipokea kwa kuviinua juu mbele ya watu: "Jamani, mtu katoka ng'ambo anakuja kubadilisha viatu kwangu!" Akambadilishia, lakini masimango yalikuwa yameshahesabiwa ndani ya bei.

Aliyemwokoa alikuwa msichana mfagiaji wa duka la nne, aliyemfuata hadi nje. Alimwambia kuna fundi cherehani mmoja mzee, mashoto, aliyeacha kazi. Anakaa nyuma ya mashine ya kusaga.

Alimkuta kikongwe huyo amekaa kizingitini, akifukuza kuku.

"Ni wa nani huo mkasi?"

"Binti yangu. Anakata vitambaa vya makochi."

"Hapa chini ya dole gumba," mzee aliuliza, akijigusa mwenyewe, "pana kidonda?"

"Pana."

"Kimeota sugu pembeni?"

"Kimeota."

Mzee aliingia ndani. Alitoka na kitu kilichofungwa kwenye kitambaa chenye mafuta, akakifungua juu ya magoti. Ulikuwa mkasi mzito, mweusi, makali yake yamepishana kinyume na mikasi yote ambayo Mama Bonge amewahi kuishika. "Walimu walinichapa sana kwa ajili ya mkono huu," alisema. "Siku nilipoletewa mkasi huu nilikata kitambaa kutwa nzima, bila kushona kitu. Nilikuwa nakata tu. Sikuamini." Akaufunga tena. "Siuuzi. Hela itaisha kesho, na mimi nitabaki sina mkasi wala hela. Una nini kingine?"

Kwenye kikapu chake Mama Bonge alikuwa na zile nyuzi. Bibi alikuwa amemrudishia mwenyewe: mpe mwenye macho, mwanangu, zisioze bure. Alizitoa. Fundi mzee aliziangalia bila kuzigusa, buluu, zambarau, ile nyekundu, na uso wake ukalegea kama wa mtu aliyetoka kwenye baridi akafika karibu na moto.

"Mwambie binti yako," alisema akiusukuma mkasi mbele, "asimwazime mtu. Hata wewe."

*

Asubuhi ya sikukuu fundi makochi alitoka kuoga akachukua fulana yake, kama kawaida. Mama Bonge alikuwa ameliona hilo pia: mashati yake mazuri yalikuwa yametundikwa, yamepigwa pasi, hayavaliwi.

"Vaa hili jeupe leo."

"Vifungo vinanisumbua," alisema haraka. "Na sipendi kufungiwa kama mtoto."

"Vaa tu."

Alilivaa, akashika ukosi kwa unyonge, akabonyeza kwa dole gumba. *Tak.* Alisimama. Akabonyeza cha pili. *Tak.* Vifungo vya juu vilikuwa vilevile vya siku zote, vimeshonewa kwa nje kama pambo. Nyuma ya vifungo hivyo, siku ambazo wote walikuwa kazini na shuleni, Mama Bonge alikuwa ameshona vya chuma vya kubonyeza. Ndivyo alivyokuwa akimvalisha mzee ambaye yeye aliajiriwa kumtunza huko ng'ambo, mzee ambaye mikono yake ilitetemeka na ambaye aliona aibu kuvalishwa. Fundi alishuka hadi chini, *tak, tak, tak*, akafungua yote, akafunga upya. Kisha akageukia ukuta, na mabega yake yakaanza kutikisika.

"Baba watoto?"

"Subiri," alisema. "Subiri kidogo. Nimevaa shati."

Sebuleni, bibi alipewa kitu kidogo kwenye uzi. Alikipapasa, akakiingiza mdomoni, akapuliza. Ilikuwa filimbi. Mlio wake ulipasua nyumba, mbwa wa jirani akabweka, na mvulana akaruka juu.

"Bibi! Refa atahama mtaa!"

"Ahame!" bibi alisema, akapuliza tena, mashavu yamevimba kama ya mtoto, kisha akacheka hadi ikabidi ashikwe mgongo. Alinyoosha mkono hewani akamtafuta mkwe wake, akamshika sikio. "Umeniona," alimwambia. "Wengine huniletea shali. Wewe umeniona."

Binti alifungua kitambaa chenye mafuta bila haraka. Aliutazama mkasi. Akautia mkononi, wa kushoto, na mkono ukaingia kama umerudi kwao. Alichukua gazeti lililokuwa mezani, akakata. Karatasi ilifunguka mbele ya makali bila kelele. Akakata tena, mstari mrefu ulionyooka, akakata duara, akakata mpaka gazeti likawa vipande miguuni pake. Hakusema asante. Aliinua macho akamtazama mama yake kwa muda mrefu, kama vile anatazama kitambaa ambacho hajakijua bado kinavutika kuelekea wapi.

"Na Redio?" fundi aliuliza.

Viatu vya saizi yake alikuwa ameshampa tangu jana. Hivyo vilikuwa viatu tu. Mama Bonge aliketi kwenye kiti kilichomwelekea mwanawe, akafumba macho.

"Ya kwako sikuipata dukani," alisema. "Mimi pia sioni, mwanangu. Nimekosa mechi nzima. Nitangazie."

"Mechi gani, mama?"

"Ya nyumba hii. Tangu nilipotoka."

Alisikia miguu ikisogezwa, koo likisafishwa.

"Ulipotoka sikumbuki," mvulana alisema kwa ile sauti yake ya upole. "Nilikuwa mdogo."

"Anza unapokumbuka."

Mvulana alivuta pumzi, na ghafla akaja yule mwingine. "Mabibi na mabwana, tuko moja kwa moja kutoka sebuleni! Mvua inanyesha nje, na ndani pia inanyesha, bati limetoboka, Baba yuko juu ya meza na sufuria! Dada anashika meza, meza inacheza, Baba anaomba dua, dua haijakubaliwa, chini!"

"Sikuanguka hivyo," fundi alilalamika.

Bibi akapuliza filimbi. "Alianguka! Endelea!"

Aliendelea. Alitangaza jino lake la kwanza kung'oka. Alitangaza siku Dada alipokuwa wa kwanza darasani akarudi akikimbia na kiatu kimoja. Kisha sauti ikashuka, kama inavyoshuka mpira ukiwa mbali. "Bibi ameketi pale dirishani. Anauliza kwa nini taa imezimwa. Mabibi na mabwana, ni mchana. Jua liko palepale. Hakuna anayemjibu. Dada anakwenda kwenye swichi, anaibonyeza, anasema: umeme umekatika, bibi. Wote tunakaa kimya, tunasubiri umeme."

Mama Bonge hakufumbua macho. Machozi yalishuka hadi shingoni akayaacha. Alimsikia mume wake akirudi kutoka hospitali na mkono umefungwa. Aliwaona watu wakigonga mlango kudai makochi yao. Alimwona msichana wa miaka kumi na minne akiokota nyundo kwa mkono wa kushoto, akijigonga, akijigonga tena, na jani la kwanza alilolipinda. Alisikia jina lake mwenyewe. "Simu inaita! Ni Mama! Wote tunakaa upande wenye mtandao, Baba anaficha mkono, Bibi anageuziwa uso, mimi naambiwa: usiseme kitu, Redio, leo usiseme kitu chochote. Nami sisemi."

Chakula kilipoa mezani. Alipofumbua macho, mvulana alikuwa amekauka sauti, jasho limemtoka, na aliyesimama pale hakuwa mtoto wala mtu mzima. Mama Bonge alimtazama kama mtu anayeona mlima kwa mara ya kwanza.

*

Asubuhi iliyofuata ujumbe wa bosi ulikuwa kwenye simu: athibitishe safari, la sivyo nafasi inachukuliwa na mwingine. Aliusoma mara nyingi akiwa ameketi barazani. Alimwonyesha mume wake.

"Kazi karakana ipo," fundi alisema. "Si kubwa. Mikono ndiyo haitoshi, na mito ya makochi inashonwa na watu wa nje. Lakini tusidanganyane, mama watoto. Tutajibana. Dawa za mama, ada, vyote."

"Najua."

"Sitakwambia ubaki ili kesho uniulize kwa nini nilikwambia."

Aliondoka akamwachia simu. Alikuwa bado ameishika pale kivuli kilipomwangukia. Binti alikuwa amesimama mbele yake, futi ya kamba shingoni.

"Simama," alisema.

Mama Bonge alisimama. Binti alipiga magoti akampima kutoka kisigino hadi nyuma ya goti. Akampima paja. Akapita nyuma, akaweka kidole katikati ya mgongo, na tangu afike ilikuwa mara ya kwanza mwanawe huyu kumgusa.

"Unapima nini?"

"Mezani viti ni vinne. Jana ulikalia cha Redio, yeye akala amesimama." Alivuta futi hadi bega. "Kuna fremu imebaki karakana. Ila lazima nijue kwanza. Ni kiti cha mtu anayekaa, au cha mtu anayepita?"

Mama Bonge alifikiria dawa, na ada, na bati. Alifikiria chumba kile cha ng'ambo kilichokuwa na kitanda na begi chini yake.

"Cha mtu anayekaa," alisema.

Nyuma yake futi ilitulia. Alisubiri mkono, au kilio, au neno lolote. Kilichokuja baada ya muda kilikuwa sauti ya fundi aliyerudi kazini.

"Basi nitatia springi," binti alisema. "Sponji peke yake haimalizi mwaka."